Daraja Lililopakwa Bendera

Hellen aliiona picha aliyoachiwa na marehemu baba yake kabla hata hajakaa, na hamu ya chai ikamwisha.

Ilitundikwa sebuleni kwa kaka yake Revocatus, Kiseke. Ilikuwa picha ya karne ya kumi na tisa, iliyochorwa kwa ncha ya sindano kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwa wino mweusi: daraja kubwa la reli huko Ulaya, vyuma vimepandana hadi mawinguni, treni juu yake ndogo kama jongoo. Mhandisi mmoja alimwachia baba yao, fundi wa reli, naye baba akasema mbele ya wote kwamba ni ya Hellen. Revocatus aliibeba siku ya kuanua matanga.

Sasa alikuwa ameipaka rangi. Daraja zima lilikuwa bendera ya taifa, kijani kikimwagikia hadi majini.

"Bosi, huu ndio mchoro wa kwanza wa daraja letu la Busisi," alikuwa akimwambia mgeni wake, mkandarasi Antoni wa Usagara, ambaye Revocatus alimwinda ampe kazi. "Nimekutunzia wewe."

Antoni akasogea ukutani. "Busisi inapita treni?"

"Itapita tu, bosi. Mchoraji aliona mbali."

Antoni alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Revocatus naye akacheka, kwa sauti kubwa zaidi, bila kujua kwamba anachekwa yeye.

Hellen hakucheka. Mtu huyu alisomeshwa kwa mshahara wa reli, na leo hajui tofauti ya daraja la magari na la treni! Akapanda kwenye stuli, akaishusha picha.

"Hellen, una wazimu? Mgeni yupo!"

"Mgeni anakushangaa wewe, si mimi."

Revocatus alimfuata hadi getini, sauti ameishusha. "Dada'angu, nakuomba. Iache mpaka aondoke, halafu uchukue."

"Kwa hiyo ulijua ni yangu."

Hellen alimwangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akaona hana hata la kumtukania, akaenda zake.

Fundi wa fremu pale Igoma alimwambia rangi ile ukiifuta, karatasi itachanika. Hellen akaitundika hivyo hivyo nyumbani kwake. Wageni wakiuliza nani aliyeharibu kazi nzuri namna ile, huwatajia majina yote matatu ya kaka yake, na mtaa anaokaa.