Tisa Katika Kundi Dhaifu

Mwezi Machi, Delphine Rucker alilimaliza kundi zima la chipukizi wa mwaka ule kwa neno moja: dhaifu. Alikuwa amezunguka viwanja vya vyuo miaka ishirini na miwili akiitafutia timu yake ya Pittsburgh wachezaji wa kikapu, na alichokiandika hakikuwa kikibishiwa.

Ndiyo maana kikao cha Mei kilikuwa kigumu kwake. Bosi wake, Garrett Lindqvist, alitaka kuiuza zamu yao ya tisa ya kuchagua chipukizi wanaoingia ligi, wapewe mchezaji mkongwe.

"Wewe mwenyewe ulisema hakuna kitu humo," alisema Garrett.

"Nilisema. Nilikosea."

Garrett akacheka. "Jamani, mwiteni daktari! Delphine kakosea!"

Delphine hakucheka naye. Juma lililotangulia alikuwa amefungua ripoti zake za zamani. Makundi matatu aliyoyaita dhaifu yote yalikuja baada ya mwaka wenye nyota mkubwa, na moja kati ya hayo ndilo lililoipa nusu ya ligi wachezaji wake. Usingizi ukamruka. Akaanza kutazama upya mechi za mwaka huu, moja baada ya nyingine.

"Nilikuwa nimetoka juani, bosi," alisema. "Nikaingia chumbani nikasema giza. Nyota hayumo, hilo sibishi. Lakini wachezaji wa kweli wamo."

"Wangapi?"

"Tisa. Labda kumi."

"Nitajie mmoja."

"Quincy Boatwright wa chuo cha Dayton."

"Yule wa pointi sita kwa mechi? Mama, acha utani!"

"Pointi sita, ndiyo. Sasa niulize aliyekabwa naye alipata ngapi."

"Ngapi?"

"Mbili. Na huyo ndiye mnayemwimba nyote."

Bosi alizungusha kikombe chake cha kahawa, akatazama dirishani mvua ikipiga daraja. "Tukiaibika, jina litakuwa lako."

"Liandike."

Zamu haikuuzwa. Juni wakamchagua Quincy, na mashabiki wakazomea mpaka mama wa kijana huyo akainamisha kichwa.

Miaka mitatu baadaye, vijana wanane wa kundi lile walikuwa wakianza mechi kwenye timu zao, Quincy mmojawapo. Hakuna aliyekuwa nyota. Garrett hakuwahi kumwambia Delphine asante, ila aliacha kumuuliza kama kundi ni zuri au baya. Sasa aliuliza wamo wangapi.

Watu walimpongeza Delphine kwa wale wanane. Yeye alimfikiria zaidi wa tisa kwenye hesabu yake, Marlon Teague, ambaye ligi ilimshinda na sasa alikuwa akiuza nyumba huko Tulsa. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wote, na goti lake halikuwa na tatizo lolote. Delphine alirudia mechi zake mara nyingi, akitafuta pale alipopaswa kuona kwamba kijana hatafika, na hakupaona.