Vidole vya Mbangua Korosho

Chuo kilipotukarabatia kituo chetu cha Kibiti, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na sijutii. Miaka miwili tulisomea kwenye ghala kuukuu, sisi wanafunzi watu wazima wenye kazi na wajukuu. Mvua ikinyesha hatumsikii mwalimu, jua likiwaka tunajipepea na madaftari. Sasa kuna viyoyozi, viti vya sponji, ubao unaowaka kama televisheni, na chumba cha kioo ambamo wenye vichanga wananyonyesha huku wanafuata somo. Tunasoma jioni tukitoka kazini, na Jumamosi. Nani kama sisi!

Kasoro ilikuwa mlangoni. Waliweka mashine ya mahudhurio, unagusa kidole inakutambua. Mimi Subira wa Ruaruke nabangua korosho tangu nivunje ungo, na karibu kila nikigusa, inawaka nyekundu. Miraji, askari wa mlangoni, ananifungulia: "Pita, mama. Mtandao huo." Nikapita. Muhula mzima nikapita, na wenzangu wabangua korosho vilevile, wote tunaulaani mtandao.

Novemba orodha ikabandikwa. Asiyefikisha robo tatu ya mahudhurio, mtihani wa mwisho haufanyi. Mudy, mwanafunzi mwenzetu, karani ambaye hugusa mashine kisha huyoo, kwenye mpira, kapata asilimia mia. Mimi nne. Nne, jamani! Bila mtihani ule sipati stashahada ya ualimu wa awali, na shule ya kijijini kwetu imenishikia nafasi mpaka Januari tu.

Nikaingia kwa mkuu wa kituo, Abdulatifu, kijana nadhifu aliyeletwa kutoka Dar pamoja na vifaa vipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, mimi sijakosa hata siku moja."

"Mashine haidanganyi, mama."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Akababaika. Nikamwonyesha vidole, laini kama mgongo wa kijiko. Mafuta ya maganda yamekula mistari yote. Hakuamini.

"Korosho? Mbona mimi nazila kila siku?"

"Basi njoo Jumapili uone zinakotoka," nikamjibu, na hasira zilikuwa zimenipanda kwelikweli.

Kumbe akaja! Shati jeupe, viatu vinang'aa. Kwetu mgeni akikukuta kazini hakai mkekani kutazama, anashika kazi. Nikampa kigoda na gongo la kubangulia, nikamsogezea bakuli la majivu.

"Jipake mikononi, baba. Mafuta yanaunguza."

Akayatazama majivu, akalitazama shati lake. "Usijali, mama, nitakuwa mwangalifu."

Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hiyo mkuu nilikuwa mimi. Akabangua kwa bidii, nusu akila, majirani wakifa kwa kicheko. Akala wali wetu wa nazi na samaki, akashukuru sana. Alipoaga akasema, "Pole kwa kazi, mama. Lakini makao makuu wanaitaka ripoti ya mashine." Nilisononeka hata chai ya jioni haikupita.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha watahiniwa. Nikaenda kumwomba tena. Namkuta amesimama nje ya ofisi yake, mlango mpya kabisa, nao unafunguka kwa kidole. Anagusa, nyekundu. Anajipangusa kwenye suruali, anagusa tena, nyekundu. Vidole vinabanduka ngozi kama kitunguu.

Miraji yuko pembeni, mpole kama kawaida yake. "Mtandao huo, Mkuu."

Ewe! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vigae. Abdulatifu alininunia, kisha naye akashindwa kujizuia.

"Mama, nipo hapa tangu saa moja. Na mashine inasema leo sijafika kazini."

"Mashine haidanganyi, baba."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama yangu. Nilikuita mwongo."

Hapohapo akamwita Mwalimu Maimuna, anayetufundisha, aje na madaftari yetu ya mazoezi anayotutunzia. Yeye kila kipindi hutupatia zoezi, hulisahihisha palepale na kutia tarehe. Tukakaa sakafuni wote watatu, maana ofisi ilikuwa bado imefungwa, tukafungua madaftari moja moja. La kwangu halikukosa tarehe hata moja. La Mudy lilikuwa na zoezi moja, nalo nusu. Kabla ya adhuhuri majina yetu wabangua korosho yalikuwa yamekwenda makao makuu, na barua ya mkuu juu yake.

Jumamosi iliyofuata nilijikalia kwenye kiti changu cha sponji, kiyoyozi kinanipuliza. Mwalimu Maimuna akaingia na karatasi za mtihani, akaanza kuita majina kwa mdomo.

"Subira!"

"Nipo!" nikajibu, kwa sauti iliyomwamsha mtoto kwenye chumba cha kioo.