Meno Ndani ya Glasi

"Jeli hii imewaponya wenzako wote," alisema daktari wa meno, akimulika kaakaa jekundu la mshonaji. "Ina chembe za madini ya fedha, ndogo mno, hata darubini ya kawaida haizioni. Zinapenya ule utando fangasi wanamojificha. Lakini kwako, mama, wapi! Bora tuiache."

 Mshonaji alikuwa ameagizwa apake jeli kila usiku na alale bila meno yake ya bandia, maana utando huota juu yake. Kupaka, alipaka. Kuyavua, thubutu! Fundi redio aliyemuoa mwaka jana alikuwa akilisifia tabasamu lake kila asubuhi, wala hakujua kwamba lilitengenezwa maabara.

"Usiiache, daktari. Huwa nalala na meno mdomoni."

"Kwa nini, mama?"

"Mume wangu hajui."

Daktari alizima taa. "Basi dawa haina kosa. Usipoyavua, tunatwanga maji tu."

Njiani uso ulimwaka, na si kwa sababu ya daktari. Kinywa chake kilikuwa kikinuka kwa miezi, na siku moja mumewe alimuuliza kwa unyonge, "Mke wangu, harufu hii ni yangu, eti?" Naye, bila haya wala soni, akajibu, "Labda ni tumbo, bwana. Mimi nimeshazoea." Nimeshazoea! Yaani alijifanya mvumilivu juu ya uvundo wake mwenyewe. Tangu hapo mwanamume wa watu alisugua meno asubuhi, mchana na jioni, na aliongea na wateja kiganja kikiwa mdomoni.

Nyumbani alimkuta kwenye sinki, akitema povu lenye damu.

"Ngoja kidogo," mumewe alisema, akijiziba mdomo, "nimalize ndipo nikusalimie."

Mshonaji alisogea kwenye sinki. Aliyatoa meno yake, akayatia ndani ya glasi, kando ya mswaki wa mumewe. Mashavu yakabonyea.

"Si wewe," alisema, maneno yakimteleza kwenye ufizi. "Ni mimi. Haikuwa wewe hata siku moja."

Alijiandaa kuchekwa kibogoyo. Mumewe hata ufizi wake hakuutazama. Alitazama glasi, akatazama damu iliyokuwa kwenye sinki, kisha akashusha kiganja taratibu kutoka mdomoni.

"Hata siku moja?" aliuliza.