Chembe Zenye Ncha Sita

Katika maabara ile hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama Mpimaji. Kwa miaka sita alipima unga wa kutengenezea machujio ya maji, unga wenye chembe ndogo mno: elfu moja zikipangwa mstari hazifikii unene wa unywele. Machujio hayo yalinasa sumu ya visimani iliyokuwa ikipinda mifupa ya watoto, wakiwemo wa dada yake mwenyewe.

Kisha akaanza kukohoa.

"Mafua tu," alimwambia mumewe.

"Mafua gani ya miezi minne, mke wangu?"

Feni ya kabati la kunyonya vumbi ilikuwa imekufa. Mara tatu alimweleza Profesa, mkuu wa maabara, mara tatu akaambiwa avae barakoa. Zilikuwa za kitambaa. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyezishona.

Hospitalini walimwosha pafu kwa maji ya chumvi, wasione kijidudu chochote. Akaomba kichupa cha yale maji, akaenda nacho kazini. Mtunza hadubini ya elektroni akakausha tone moja, akalikuza. Kiooni zikatokea chembe zenye ncha sita, umbo ambalo halikutengenezwa kokote ila pale.

"Ni zetu," alisema Mpimaji. Akacheka hadi kikohozi kikamkata. "Kumbe chujio ni mimi."

Profesa aliichukua picha ya chembe zile, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Ukiitoa hii, dada, machujio yatapigwa marufuku. Watoto watarudi kwenye sumu."

"Machujio hayana kosa. Mle chembe zimechomwa pamoja na udongo, hazitoki. Kosa ni feni."

"Nani atakusikiliza mpaka hapo?"

Lakini wasichana wawili walipima unga pamoja naye, na mmoja alikuwa na mimba. Akaandika ripoti, akaipeleka wizarani kwa mkono wake.

Ikawa kama alivyosema Profesa: machujio yalikusanywa yote. Dada yake alipiga simu mara moja tu. "Umetuua," akasema, akakata.

Uchunguzi ulichukua miezi minane. Machujio yakarudishwa, feni mpya ikafungwa, na wasichana wale wakakutwa na makovu machache tu. Mpimaji alifariki katika mwezi wa saba wa uchunguzi huo.

Dada alikuja mazikoni na mwanawe mdogo, miguu imeanza kupinda. Akaketi chini nje, mbali na wenzake. Mume wa Mpimaji akamletea kiti, akasimama kando yake.