Mistari Kumi na Mitatu

Asubuhi ile binti yangu alikaa kwenye benchi la wodi akiwa amepakata mkoba wangu wa nguo, na sikujua mkoba ule unaelekea nyumbani kwangu au kwake. Uamuzi ulikuwa wa Sista wa mazoezi. Wiki tano baada ya kiharusi, mkono ulikuwa umerudi. Alitaka kujua kama na akili imerudi kiasi cha kuishi peke yangu. Kipimo chake kilikuwa mchezo wa dadu.

Alinipa karatasi ya maelezo. Niliisoma mara mbili, maana nilijifunza kusoma shule ya usiku nikiwa tayari na watoto watatu, na tangu hapo sijadharau karatasi. Unatupa dadu tano, unabakiza unazozitaka, unarudia nyingine, mwisho mara tatu. Kisha unaandika alama katika mstari mmoja kati ya kumi na mitatu ya karatasi yako ya alama. Mstari wa Moja unahesabu dadu zenye moja tu, wa Mbili zenye mbili, hivyo hivyo mpaka Sita. Chini yake kuna mstari wa tatu-za-namba-moja-na-mbili-za-nyingine, alama ishirini na tano, kuna mfuatano wa dadu tano, alama arobaini, na mengineyo. Kila mstari unatumika mara moja. Ukikosa, sifuri.

Mpinzani wangu alikuwa dereva mstaafu wa kitanda cha jirani, mguu kwenye plasta, tuliyemwita Breki.

Nikatupa. Dadu nne zenye sita! Nikaziokota zote, nikatupa upya.

"We mzee!" Breki akapiga kelele. "Sita nne unazirudisha? Umelogwa?"

Moja haikutokea hata mara ya tatu. Nikaandika sifuri katika mstari wa Moja. Sista naye akaandika kitu kwenye daftari lake.

Zamu ya pili nilipata dadu tatu zenye mbili, nikaandika sita katika mstari wa Mbili, roho ikatulia kidogo. Ya tatu zikaja mbili, tatu, nne, tano, sita, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nikabakiza ile tatu, nikarusha nyingine. Nikaambulia alama tatu.

"Baba." Binti yangu alikuwa amesimama. "Huoni mstari wa mfuatano? Ni alama arobaini hizo."

"Nauona. Haujafikiwa."

Walitazamana, yeye na Sista.

"Nani kasema lazima ufuate kuanzia juu, mzee wangu?" Sista akauliza taratibu.

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ghala. Katika daftari la ghala huruki mstari, kwa sababu mstari mtupu ndipo mwizi anapoandikia baadaye. Mwenzangu alifukuzwa kazi kwa kuruka mmoja tu. Nikawaeleza hivyo, na maelezo yalikuwa ya kweli. Lakini moyoni nilikuwa najiuliza: ni mazoea ya kazi yaliyonishika mkono, au ni kichwa kimeharibika na kinatafuta kisingizio? Karatasi haikusema tufuate kuanzia juu. Niliisoma mara mbili, na hilo sikuliona.

"Hapa hakuna ghala, bosi," Breki akasema. "Na mwizi ni mimi, nakuibia mchana kweupe. Tupa!"

Zikatoka dadu tatu zenye sita na mbili zenye tano. Alama ishirini na tano, na mstari wake ulikuwa huko chini ya Sita. Kalamu ikapita Nne, ikapita Tano, ikapita Sita, ikinyata kama mwizi. Nikaandika. Mistari mitupu ikanikodolea macho.

Breki alinishinda kwa alama hamsini na nne, na akahakikisha wodi nzima inajua. Sista akaniambia nijumlishe karatasi zote mbili za alama, yangu na ya Breki. Nikajumlisha bila kukosea.

"Hesabu iko sawa," akasema. "Na ulipoambiwa, ulibadilika. Utarudi kwako. Ila mwezi wa kwanza binti alale pale."

Maneno ya kukataa yalikuwa tayari mdomoni: nimejitegemea tangu nina miaka kumi na minne. Binti yangu alikuwa anafunga na kufungua zipu ya mkoba.

"Chumba cha mbele kina kitanda," nikamwambia. "Godoro tu ndilo la kuanika."