Zamu ya Wanyonyi Haijaisha

Jumamosi asubuhi Elphas Wanyonyi alikuwa amekaa kwenye stuli nje ya nyumba yake ya kupanga huko Noonkopir, akipaka viatu rangi. Mama yake, Apondi, alikuwa kando yake akichambua kunde. Maji ya mfereji yalikuwa hayajaja, kwa hivyo mitungi ya ploti nzima ilikuwa imepanga foleni yenyewe, bila watu. Jioni Elphas angepanda ndege kwenda Uingereza kumtembelea binti yake Lorine, ambaye ni nesi huko. Lorine alikuwa amemkatia tiketi ya matembezi ya siku moja kwa treni ya mvuke, kwa sababu hakujua zawadi nyingine ambayo baba yake angeithamini.

Elphas alipenda treni jinsi watu wengine wanavyopenda mpira. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda Kajiado kutazama treni ya dizeli inayobeba magadi ikipita na mabehewa yake, kisha anarudi nyumbani ameshiba kama mtu aliyetoka kula nyama choma. Rafiki yake Meitamei, ambaye boma lake liko kando ya reli, alishamzoea.

"Wengine wanafuata wanawake, wewe unafuata mabehewa," Meitamei alikuwa akimwambia. "Si mbaya. Behewa haliombi nauli."

Apondi alirusha jani bovu kwa kuku wa jirani.

"Hiyo treni itapita Kajiado?"

"Mama, ni treni ya Uingereza."

"Sijauliza ni ya wapi. Nimeuliza kama itapita Kajiado."

Elphas alisema hapana. Apondi akauliza matembezi ni siku gani. Akaambiwa ni Alhamisi. Akasema sawa, Alhamisi atakuwa Kajiado.

Apondi alikuwa na sababu. Baba yake Elphas, Wanyonyi, alikuwa fayaman, yule anayelisha moto wa injini wakati dereva anashika breki na sifa. Waliishi Kajiado kwenye nyumba za reli. Injini yake Wamaasai waliiita Nasieku, yaani anayewahi, na walikuwa wanamaanisha kinyume. Elphas alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alikuwa akipanga vifuniko vya soda juu ya reli, Nasieku inavilalia mpaka vinakuwa vyembamba kama jani, na baba yake anatoa kichwa nje kumtishia kwa ngumi huku anacheka. Mikono ya baba ilikuwa na joto hata siku ya kupumzika.

Kisha Wanyonyi akaenda kazini siku moja na hakurudi. Ofisi ya reli ilisema ametoroka kazi, na familia ikatolewa kwenye nyumba kabla sufuria hazijapoa. Kule kwao Wanyonyi, Kimilili, wazee walingoja, wakachoka, wakazika shina la mgomba badala yake, kama inavyofanywa mtu akipotea moja kwa moja. Mgomba ulivikwa koti lake la kanisani. Watu walilia vizuri. Elphas alipewa mchanga kiganjani, akaumwaga, akaambiwa amemzika baba.

Jambo moja lilibaki kumwasha Apondi miaka yote. Kifo angekizoea. Lakini kila alikopita, kuanzia kanisani mpaka sokoni, alikuwa mke wa yule aliyetoroka.

Alhamisi Elphas alisimama kwenye stesheni ndogo ya Uingereza, kwenye baridi yenye manyunyu, pamoja na wazee wengi wenye kofia, kamera na chupa za chai. Treni iliingia ikipumua. Injini ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na kusuguliwa mpaka unajiona ndani yake. Mbele, upande wa kushoto, kulikuwa na kibonyeo ambacho rangi haikuweza kukificha. Elphas alikijua. Hapo ndipo Nasieku ilipomgongea fahali wa baba yake Meitamei.

Alijua pia kwamba reli ya Uingereza ni pana kuliko ya Magadi, na injini hiyo haikupaswa kutosha juu yake. Aliinama kuangalia magurudumu. Injini ilikuwa imetanua miguu kidogo, kama mtu aliyesimama ndani ya gari linaloyumba.

Alienda mbele. Dereva, daktari wa meno mstaafu aliyekuwa akijitolea, alimkaribisha juu bila maneno mengi. Ndani, mtu mweusi wa miaka thelathini hivi, mwenye kitambaa shingoni, alikuwa akirusha makaa motoni.

"Alikuja na injini," dereva alieleza. "Yeye na koleo lake."

Yule mtu hakugeuka. "Mzee, simama nyuma kidogo," alisema kwa Kiswahili. "Hapa panaunguza."

"Baba. Ni mimi Elphas."

"Elphas ana miaka mitano."

"Ilikuwa mitano."

Wanyonyi aliegemea koleo, akamtazama mwanawe kuanzia kipara mpaka viatu vilivyong'aa.

"Umenenepa," alisema, akarudi kazini.

Treni iliondoka. Ilipita mashamba yenye kondoo, na Elphas akauliza alichokuwa amekibeba tangu utoto, yaani kwa nini hakushuka.

"Nishuke vipi? Fayaman hashuki mpaka mwenzake apande. Moto haulishwi na shetani. Mbaluka alikuwa anipokee zamu hapo Kajiado, hakutokea."

"Mbaluka walimhamishia kwenye injini za dizeli, baba. Siku hiyo hiyo."

"Basi wangeniambia." Akarusha koleo lingine. "Zamani tulikuwa tunachoma mafuta, unafungua tu koki. Hawa wakabadilisha jiko, ni makaa. Mgongo wangu sasa si wa mtu."

Waliingia kwenye handaki refu. Walipotoka upande wa pili kulikuwa na jua, migunga, pundamilia wachache na vumbi lile jekundu linaloingia mpaka kwenye soksi. Abiria walivua makoti. Mama mmoja alimwuliza kondakta kama watachelewa, naye akamjibu kwamba kidogo tu, injini inapenda kupitia huku.

Kajiado, Meitamei alikuwa kwenye stesheni na mbuzi wake.

"Sopa, Elphas! Umerudi haraka. Hiyo ni ile treni iliyoua fahali wetu?"

"Ni hiyo."

"Wameipaka rangi wakifikiri sitaijua."

Apondi alikuwa amesimama mahali pale pale alipokuwa akisimama zamani, na bakuli la viazi vitamu lililofungwa kwa leso. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Wanyonyi alitoa kichwa nje. Yeye alikuwa kijana, na mkewe alikuwa bibi mwenye fimbo.

"Umechelewa," Apondi alisema.

"Mama Elphas, sijapokewa."

"Tulikuzika."

"Mkazika nini?"

"Mgomba."

"Upi?"

"Ule wa nyuma ya jikoni."

"Aa, ule ulikuwa unazaa vizuri! Na koti langu la kanisani liko wapi?"

"Umevaa. Huko chini."

Wanyonyi aliguna. Apondi akainua bakuli, mumewe akalipokea, na mkono wake mweusi kwa masizi ukabaki juu ya mkono wa mkewe kwa muda. Ulikuwa bado na joto.

Elphas ndiye aliyemwita karani. Alitaka jambo moja tu, baba yake ashuke, na ofisi ikubali kwamba hakutoroka. Karani, kijana mpole aitwaye Wachira, alikuja na tableti, akatafuta, akatikisa kichwa.

"Hapa inasema alitoroka."

"Si huyo unamwona?"

"Mimi namwona. Mfumo ndio haumwoni." Akaita juu. "Kaka, shuka basi uje dirishani tukurekebishie."

"Nikishuka bila wa kunipokea," Wanyonyi alisema, "nitakuwa nimetoroka."

Wachira alifikiri. "Hapo ni kweli."

"Nitampokea mimi," Elphas alisema. Tayari alikuwa ameshavua koti na kushika koleo.

"Wewe ni wa reli?"

"Niajiri. Hata kwa leo tu."

"Mzee, kazi ya fayaman ilifutwa. Siwezi kuajiri mtu kwa kazi ambayo haipo."

"Na huyu anafanya nini hapa?"

"Anafanya kazi ambayo haipo," Wachira alisema kwa huruma, akafunga tableti.

Elphas alimgeukia mama yake. Alidhani angesema, shuka tu, baba Elphas, wacha ofisi iandike inavyotaka. Apondi alifungua mdomo. Akatazama masizi kwenye mkono wake, akaufunga mdomo.

"Viazi vinapoa," alisema. "Na unirudishie bakuli langu."

"Ni lini sikurudisha bakuli?"

Dereva alipiga honi. Ni ile ile, nyembamba mwanzoni kisha inajaa, na watu wazima waliotoka madukani Kajiado kuisikia walirudi ndani wakiwa wametulia kidogo kuliko walivyotoka. Elphas alipanda tena, maana begi lake lilikuwa Uingereza. Nasieku iliondoka ikiwa imechelewa. Wanyonyi alikula kwa mkono mmoja.

Jioni, kwenye stesheni yenye manyunyu, alimpa mwanawe bakuli. Lilikuwa limeoshwa. Kwa kuwa bakuli la mtu halirudishwi tupu, ndani yake aliweka bonge la makaa ya mawe.

Kwenye uwanja wa ndege Nairobi afisa wa forodha alifungua leso, akauliza hilo ni nini.

"Baba amerudisha bakuli la mama."

Afisa aliifunga leso vizuri kuliko alivyoikuta.

Apondi aliweka lile bonge kwenye jiko lake huko Noonkopir. Lilishika moto bila mafuta ya taa na halijaisha mpaka leo. Wapangaji wengine wananunua gesi, wananung'unika. Chai ya pale ina ladha ya moshi wa zamani, na jirani akianua nguo anakuta masizi kidogo kwenye shuka nyeupe, hasa Alhamisi.

Elphas ameomba kazi ya fayaman mara kadhaa. Anajibiwa kwa heshima kwamba haipo. Ofisini, Wanyonyi bado ametoroka.

Lorine akipiga simu, bibi yake haulizi habari za baridi wala za hospitali. Anauliza treni inatoka tena lini, ili ajue siku ya kuchemsha viazi.