Maadamu Unazaa

Jumanne saa nne asubuhi, njugu ya kwanza ilidondoka kutoka kwenye dari ya mbao ikatumbukia kwenye chai ya wifi. Wifi aliiopoa kwa kijiko, akaiweka kwenye kisahani, akaendelea kunywa. Kufikia adhuhuri kindi wanne walikuwa wamepita dirishani, wanabangua njugu juu ya kochi.

Fundi cherehani, wifi yake, aliitwa aje kufagia. Nyumba ilikuwa ya kaka yake. Mbao za dari zilikuwa zake yeye. Marehemu baba yao aliupanda mti zilikotoka mbao hizo wiki aliyozaliwa fundi, binti yake, mti wa asili ya palepale, akatamka mbele ya watu: "Maadamu unazaa, ni wa binti yangu. Njugu awaachie kindi, na akitaka mbao za paa akate mwenyewe."

Mwezi uliopita, fundi akiwa kibandani anashona sare za shule, kaka mtu, seremala, aliuangusha, akauchana mbao za dari yake.

"Mti uliolala hauzai," alimwambia. "Na usiozaa si wako."

Sasa fundi alijaza njugu kwenye kanga, akazimwaga mezani mbele ya kaka na baba yao mdogo, aliyeusikia wosia kwa masikio yake.

"Unazaa, baba mdogo."

Baba mdogo alivunja moja kwa gego. "Tamu," alisema. "Ila marehemu alisema mti, mwanangu. Mimi hapa naona dari."

"Dari yenye majani?"

Wote walitazama juu. Kweli, kwenye kona kulikuwa na tawi bichi, na ndege ameshaanza kujenga.

"Litapunguzwa," alisema kaka.

"Kaka, mimi nalala panapovuja."

"Si una cherehani? Kajishonee paa." Wifi alicheka mpaka akapaliwa. "Na kuanzia kesho," kaka aliendelea, "uje kila asubuhi, hizi takataka zinatuchafulia zulia. Ufagio uje nao."

Baba mdogo alitia njugu mbili mfukoni, akaaga.

Alfajiri mvua ilinyesha. Kwa kaka halikupenya hata tone. Majani ya dari yalikuwa yameshikana. Kwenye chumba cha kupanga, fundi alitega sufuria tatu sakafuni, akaifunika cherehani kwa nailoni. Kulipopambazuka alimwaga maji nje, akachukua ufagio, akaenda.